Premio ya marehemu imefika kilomita 412,000: niiuze au nibaki nayo?

Mpendwa Mjomba,

Salamu kutoka Arua. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Nilikuwa naona aibu, mtu mzima kuomba ushauri juu ya gari wakati wenzangu wanakuandikia habari za ndoa na maradhi. Lakini jambo lenyewe limenikosesha usingizi tangu mwezi uliopita, na nyumbani kila mtu ana lake la kusema.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 43 na watoto watatu. Mume wangu alifariki mwaka 2021. Alituachia nyumba, kiwanja kidogo, na Toyota Premio ya mwaka 2003, ile ya injini ya 1.8. Aliinunua mwaka 2012 kwenye bondi, yadi ya magari yaliyotumika, Kampala, dashibodi ikisoma kilomita 86,000. Enzi hizo alikuwa akifanya biashara ya nguo, na karibu kila wiki mbili alikuwa barabarani kwenda Kampala na kurudi. Kila Jumamosi aliiosha kwa mikono yake, hakumpa mtu mwingine kazi hiyo. Leo inasoma 412,000.

Mimi siendi mbali. Kituo changu cha afya kipo kilomita 18 kutoka nyumbani, kwa hiyo kwa siku ni kilomita 36, halafu soko, kanisa na shule. Kampala naenda mara tatu kwa mwaka kumpeleka na kumchukua mtoto wa pili shuleni. Gari hili limetuvumilia, Mjomba. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, tukazungushwa njia ndefu ya Masindi, halikukohoa hata mara moja.

Ila mwaka huu limebadilika. Linakunywa oili, kama lita moja kila kilomita 1,500, na asubuhi ninapoliwasha linatoa moshi wa bluu kidogo. Mwezi uliopita tulikuwa tunatoka Kampala na watoto wawili. Tumepita Olwiyo, bado hatujafika Pakwach, saa moja jioni, mpira wa rejeta ukapasuka. Unapajua mahali pale: upande mmoja mbuga, na tembo huvuka wanapotaka. Tulikaa ndani tumefunga milango kwa muda wa karibu saa mbili, mtoto mdogo analia, mpaka dereva wa lori alipotuonea huruma akasimama. Tangu siku hiyo nikisikia injini inabadilisha sauti, moyo unanidunda.

Nimepiga hesabu ya miezi 12 iliyopita. Tairi nne shilingi 1,200,000. Shokapu 900,000. Rejeta na mipira yake 550,000. Breki na bushi 500,000. Altaneta 450,000. Betri 400,000. Sevisi za kawaida 350,000. Jumla 4,350,000. Mshahara wangu unaujua ulivyo.

Fundi wangu anasema injini imechoka, niweke nyingine iliyotumika kutoka Japani. Yeye atanitafutia Kisekka, soko la spea Kampala, kwa 4,200,000 pamoja na kazi. Shemeji yangu anasema niuze haraka kabla serikali haijapiga marufuku magari ya zamani. Ana rafiki atakayetoa milioni 9, pesa mkononi, na kwa kuwa kadi ya gari bado ina jina la kaka yake, yeye ndiye atamalizana na mnunuzi. SACCO yetu iko tayari kunikopesha milioni 20 kwa miezi 48, riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalobaki. Nikiongeza akiba yangu ya milioni 5 na hizo 9, napata Toyota Wish nzuri niliyoiona kwenye bondi kwa milioni 34.

Kijana wangu mkubwa, ana miaka 16, hataki kusikia habari ya kuuza. Anasema hicho ndicho kitu cha mwisho cha baba chenye uhai. Akisema hivyo naishiwa maneno.

Mjomba, niuze au nibaki nalo?

Muuguzi, Arua

*

Binti yangu,

Usione aibu. Kilichokupata pale Olwiyo si jambo dogo, na mama aliyekaa gizani na watoto kando ya mbuga ana haki ya kuuliza kama gari lake bado linafaa. Pole sana. Mimi nilishika spana miaka 22 kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo barua yako nimeisoma kama mjomba na kama fundi pia. Nimeirudia mara nne. Ulichoniuliza nitakijibu, lakini nianze na kitu ulichokipita kwa sentensi moja, kwa sababu ndicho kilichonishtua kuliko moshi wa bluu.

Kadi bado ina jina la marehemu. Maana yake, mbele ya sheria, gari hilo ni sehemu ya mirathi ya mume wako. Si la shemeji, na kwa maana ya kuweza kuliuza, bado si lako peke yako pia. Hapa Uganda mtu akiuza mali ya marehemu bila mahakama kumpa hati ya usimamizi wa mirathi, anaingilia mirathi, na hilo ni kosa. Mnunuzi naye hawezi kubadilisha jina kihalali kwa saini ya mtu aliyezikwa mwaka 2021. Sasa fikiria gari limeuzwa hivyo hivyo, pesa mkononi, kadi ikabaki na jina lile lile. Likimgonga mtu, au likikamatwa na mzigo usiofaa, polisi watafuata jina lililo kwenye kadi, na jina hilo litawaleta mlangoni kwako.

Sisemi shemeji yako ana nia mbaya. Watu wengi hufanya hivyo kwa kutojua, na familia nyingi zina magari na viwanja vinavyoishi kwa majina ya waliotangulia. Lakini watoto wako watatu wana haki katika mali ile, na pesa ikishapita mkono wa mtu mwingine kwanza, kuidai ni kazi ya machozi. Kwa hiyo, uuze au usiuze, kazi ya kwanza ni moja: chukua barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji chenu, cheti cha kifo kutoka NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, uende ofisi ya serikali inayosimamia mali za marehemu wakuelekeze namna ya kuomba hati mahakamani. Nyumba na kiwanja navyo vitafaidika, maana nahisi navyo havijaguswa. Shemeji mwambie kwa heshima, mbele ya mzee mmoja wa ukoo ukiweza, kwamba hakuna kitu cha marehemu kitakachouzwa kabla ya hati hiyo kutoka. Kama anakupenda wewe na watoto wa kaka yake, ataelewa.

Na hiyo habari ya serikali kupiga marufuku, imempotosha. Sheria iliyobadilishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Inazungumzia gari linaloingia mpakani. Gari ambalo tayari lina namba za Uganda, kama lako, halikuondolewa barabarani na sheria ile. Tena kwa mwenye gari ambalo limeshaingia, sheria hiyo ina upande wa pili: magari ya bei nafuu, yale ya miaka 16 na 17 tuliyozoea kuyaona bondini, hayaji tena, kwa hiyo kulipata jingine la bei ya zamani ni vigumu. Usiuze kwa hofu ya tangazo ambalo halipo.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe.

Umeniambia kilomita 412,000 kama mtu anayetaja ugonjwa. Mimi nikiziona namba hizo kwenye gari ambalo najua nani aliliendesha na nani aliliosha kila Jumamosi, sitishiki. Hizo ni kilomita za kweli, na nyingi ni za barabara kuu, Arua kwenda Kampala, injini ikiwa na moto wake na mwendo wa kutulia. Kilomita za namna hiyo haziumizi injini kama zile za teksi inayosimama na kuondoka katikati ya mji mchana kutwa. Ile Wish ya bondini inasoma ngapi? 90,000? Nani amekuambia? Dashibodi imekuambia, na dashibodi hurudishwa nyuma. Nimewahi kufungua gari linalosoma 70,000 nikakuta kanyagio la breki limelika mpaka chuma, na usukani umeng'aa kama kikombe cha msikitini. Huko Japani gari hukaguliwa kisheria mara ya kwanza likiwa na miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo ni ghali. Ndiyo sababu mojawapo wenzetu wale huyaachia magari mapema. Mengi ni mazima kweli. Lakini wewe utakuwa unanunua historia usiyoijua, na kuilipia miaka minne.

Tuuhesabu mkopo huo. Milioni 20, asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalobaki, miezi 48: utalipa karibu 587,500 kila mwezi. Ukimaliza utakuwa umetoa 28,200,000, kwa hiyo riba peke yake ni 8,200,000. Karibu bei anayotaka kukupa rafiki wa shemeji kwa gari zima. Hesabu ya matengenezo uliyoniandikia, ambayo imekutoa jasho, ni 4,350,000, ukigawa kwa miezi 12 ni 362,500. Huo ulikuwa mwaka mbaya kabisa, na bado umekugharimu pungufu ya mkopo kwa 225,000 kila mwezi. Na Wish nayo itataka oili, itataka breki, itataka tairi. Bondi haikuuzii gari lisilokula. Tena akiba yako ya milioni 5 itakuwa imekwenda yote, na mtoto akiugua usiku utakuwa na gari zuri mlangoni na mkoba mtupu.

Nataka uangalie tena ile orodha yako. Tairi, shokapu, betri: hizo ni 2,500,000, zaidi ya nusu. Hivyo si vitu vya kununua kila mwaka. Wapo wanaosema, "Nimeshalitengeneza sana gari hili, siwezi kuliuza sasa." Hiyo si hesabu, maana pesa iliyokwenda imekwenda na hairudi kwa kung'ang'ania. Lakini tairi zipo. Shokapu zipo, zitakuhudumia miaka mingine miwili au mitatu kwa mwendo wako. Ukiuza leo, unamkabidhi mnunuzi gari ulilolivisha viatu vipya, naye analipa bei ya gari bovu. Unapoamua, usipime ulichokitoa. Pima kile ambacho gari litakudai kuanzia kesho.

Na kesho litadai nini? Hapa ndipo fundi wako na mimi tunatofautiana.

Injini yako ni ya aina inayoitwa 1ZZ-FE. Zile za miaka ya mwanzo, na huenda yako ni mojawapo, zinajulikana kwa kunywa oili hata zikiwa na kilomita chache kuliko zako. Matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, huziba kwa masizi, ringi hukwama, oili hupanda kwenye chumba cha moto ikaungua. Moshi wa bluu ndio huo. Baadaye Toyota walizibadilisha pistoni zenyewe. Sasa fundi anataka akuletee injini nyingine ya aina hiyo hiyo, iliyotolewa kwenye gari jingine la miaka hiyo hiyo, kwa 4,200,000. Nani atakuhakikishia kwamba haina ugonjwa ule ule? Kisekka utapata kila kitu, nimenunua pale nusu ya maisha yangu na napaheshimu, lakini injini iliyolala sakafuni haiwezi kukuambia kama inakunywa oili. Utaijua baada ya mwezi, ikiwa tayari imefungwa na pesa imeliwa.

Tulinganishe na oili yenyewe. Kwa ulivyonieleza, pamoja na safari zako za Kampala, unatembea kama kilomita 14,000 kwa mwaka. Lita moja kila 1,500 ni lita 9 au 10 za kuongeza. Tuseme lita ni 28,000: kwa mwaka ni kama 270,000. Ile injini ya 4,200,000 ingekununulia oili ya kuongeza kwa miaka 15. Kwa hiyo ongeza oili, mwanangu. Kunywa oili si kufa. Kinachoua injini ni kunywa oili bila mwenyewe kujua, mpaka siku taa nyekundu inawaka na chuma kinasagana na chuma. Chomoa kijiti cha kupimia kila Jumamosi asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa sehemu tambarare, na beba lita moja ya ziada kwenye buti siku zote. Plagi zikaguliwe mapema kuliko kawaida, maana oili inayoungua huzichafua. Siku itakapofika lita moja kwa kilomita 500, au moshi ukatoka mchana kutwa, hapo tutazungumza habari nyingine.

Lakini usikubali neno langu, wala la fundi wako, bila kipimo. "Injini imechoka" ni maneno, injini hupimwa. Tafuta fundi wa pili, asiyeuza injini, mlipe kwa kazi ya kukagua tu, na umwambie mapema kwamba matengenezo hayamhusu. Mtu ambaye hatafaidika na jibu ndiye atakupa jibu. Apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya silinda zote nne, injini ikiwa ya moto, na aandike namba kwenye karatasi mbele yako. Namba zikikaribiana, tofauti isizidi asilimia 10 hivi, injini yako inaishi. Silinda moja ikiwa chini sana, aitie oili kijiko kimoja apime tena: ikipanda, ni ringi, ikibaki pale pale, ni vali. Afungue na kifuniko cha oili aangalie kama kuna utando wa rangi ya maziwa, maana hiyo ni maji kuingia kwenye oili, na gasketi ya silinda hedi inakuwa imekwisha. Muulize pia giaboksi inavyobadilisha: ikichelewa, ikiteleza, ikigonga, nataka kujua.

Halafu aingie chini ya gari. Hapa nasema kwa uzito, kwa sababu watu huhangaika na injini wakasahau mwili. Injini hubadilishwa, giaboksi hubadilishwa, lakini mahali usukani na magurudumu yanaposhikana na mwili pakishaliwa na kutu au pakishapinda kwa ajali ya zamani, gari hilo halifai kubeba watoto. Agonge kwa bisibisi kwenye kingo za chini pale jeki inapokaa, na pale mikono ya magurudumu ya mbele inapofungwa. Bisibisi ikizama, liuze, kwa bei yoyote, kwa mtu anayenunua spea, na umwambie ukweli. Hapo sitakuambia ulibakize hata kama lingekuwa la baba yangu mwenyewe.

Likipita, jibu langu ni hili: baki nalo, lakini lisiende tena Kampala.

Najua hukutegemea sehemu ya pili. Uliyataja mambo mawili kama moja. Gari linalokupeleka kazini kilomita 18 na kukurudisha likiharibika, unapiga simu, boda anakuja, fundi anakuja, umechelewa kazini saa moja. Gari hilo hilo likiharibika mbali na nyumbani, saa moja jioni, karibu na tembo, ni jambo jingine kabisa. Premio yako bado inaiweza kazi ya kwanza vizuri. Kazi ya pili ni safari sita za karibu kilomita 500 kila moja kwa mwaka, na unataka kukopa milioni 20 kwa ajili ya safari sita. Panda basi. Chagua la mchana, ufike kukiwa bado na mwanga, upumzike njiani badala ya kusikiliza injini. Nauli ya mwaka mzima, yako na ya mtoto, haikaribii hata malipo ya miezi michache ya mkopo ule. Na gari litapumzika kilomita 3,000 kila mwaka.

Mfumo wa maji ndio nitakaokuomba uutengeneze sasa, hata kama mifuko imebana, kwa sababu mpira mmoja ukishapasuka kwa uzee, mingine ni ndugu zake. Umeshabadilisha rejeta na mipira yake. Uliza kama ile midogo ya hita nayo ilibadilishwa, na kifuniko cha rejeta, na pampu ya maji. Muulize fundi kama thamostati, ile inayodhibiti joto la injini, ipo. Mafundi wengi wetu huitoa wakisema nchi ni ya joto haihitajiki, jambo linalonikera mpaka leo, kwa sababu bila hiyo injini haikai kwenye joto lake, inakula mafuta zaidi na kuchakaa haraka. Irudishwe. Na usitie maji ya bomba matupu. Tia kulanti, ile dawa ya kupozea injini, haichemki upesi kama maji na inazuia kutu ndani. Mshale wa joto ukipanda, simama hapo hapo, zima, na usifungue kifuniko mpaka injini ipoe. Wewe ni muuguzi, majeraha ya mvuke unayajua kuliko mimi.

Spea zako agiza kwa mtu unayemwamini Kampala, azipakie kwenye basi la kuja Arua, utazipokea kesho yake. Ya asili iliyotumika mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bandia, isipokuwa breki na mipira. Hivyo nunua vipya na vya uhakika.

Kuhusu pesa, fanya hivi. Kila mwezi peleka 350,000 kwenye akiba yako hiyo hiyo ya SACCO, kana kwamba umeshakopa. Gari likidai, toa humo, lisipodai, inalala. Hata likikula nusu, baada ya miaka miwili utakuwa na 4,200,000 juu ya zile milioni 5, na hati ya mirathi mkononi, na uhuru wa kuuza kwa jina lako kwa mnunuzi utakayemchagua mwenyewe. Hapo mkopo, kama utauhitaji, utakuwa mdogo. Na ukiona mwezi wa kwanza tu 350,000 haitoshi kutoka, basi umejua bila kuumia kwamba 587,500 ingekunyonga.

Nimebakiza kijana. Usimwambie kwamba ni chuma tu. Kwake si chuma tu, na akiambiwa hivyo ataacha kukueleza yaliyo moyoni. Mwambie ukweli ulivyo: gari litakaa kwa sababu limepimwa na hesabu imekubali, na siku hesabu itakapokataa litaondoka, na yeye atakuwa mezani siku hiyo. Mweleze mapema, asije akadhani umelibakiza kwa ajili ya machozi yake, akajiona ndiye aliyekuzuia. Kisha mpe kazi. Jumamosi asubuhi, kabla ya kuliosha, achomoe kijiti cha oili, akifute, akirudishe, akichomoe tena, asome, na aandike kwenye daftari tarehe, kilomita, na kiasi alichoongeza. Daftari hilo ndilo litakalotuambia, mimi na wewe, kama injini inazidi kunywa au imetulia.

Barua ya LC1 ifuate wiki hii. Ukishapimiwa, niandikie namba nne za silinda kwa mpangilio, kuanzia ile iliyo upande wa cheni, na uniambie bisibisi ilipogonga kingo za chini ilitoa sauti gani.

Mjomba